Vali ya chuma kwa aliye bado kijana: uzoefu wangu, Chamwino

Ukiambiwa vali yako ya aota, mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda mwilini, ibadilishwe na bado una miaka ishirini au thelathini na kitu, utatakiwa uchague: ya chuma au ya mnyama. Mimi nilichagua ya chuma, nikawekewa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Vali yangu ya kuzaliwa iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni.

Kwa vali yenyewe sina lalamiko. Zamani nikitoka bombani na ndoo nilikuwa natua njiani, kifua kinabana, macho yanaingia giza. Sasa nalima alizeti kama wenzangu. Usiku kukiwa kimya inasikika ikigonga, nimeshaizoea.

Kazi ipo kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, maisha yote. INR yangu, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyoganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Ikipanda, unaweza kuvuja damu. Na sisi huku Ugogo ugali bila mlenda hauliki! Masika majani yalipojaa shambani nikala mlenda mbichi na mchicha kila siku, INR ikashuka. Nesi akaniambia, "Dada, mlenda kula, ila usile wiki hii sufuria zima na wiki ijayo usiuguse." Tangu hapo nala kiasi kilekile, na kipimo kimetulia. Dawa za maumivu kama diklofenaki sinunui dukani bila kumuuliza daktari, na nikitaka kung'oa jino nasema kwanza nina vali.

Kinachoniumiza ni vipimo. Kuna maabara nilifika kwa nauli ya kuunga, nikaambiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimeisha. Mtu anayekunywa warfarini harudishwi hivyo nyumbani! Sasa napiga simu kabla ya kupanda gari.

Kwa nini sikuchukua ya mnyama? Kwa kijana huchakaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, wakati mwingine kabla, na kifua kinafunguliwa tena. Ipo pia njia ya Donald Ross, aliyoianza London mwaka 1967: vali yako ya upande wa mapafu inahamishiwa kwenye aota. Vijana wengi wanaishi nayo vizuri bila warfarini, mikononi mwa mpasuaji mzoefu, lakini kwa mwenye baridi yabisi hata hiyo iliyohamishwa inaweza kushambuliwa.

Mimi nilikuwa nimeshazaa. Jirani yangu wodini alikuwa bado anatafuta mtoto, akachagua ya mnyama, ambayo haihitaji warfarini maisha yote, akijua atarudi kupasuliwa, na naona alifanya sawa. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo dada ambaye bado unataka kuzaa, ongea na daktari wako kabla hujasaini fomu, na mumeo awepo asikie mwenyewe.