Feni Iliyonidanganya Angani: Nilivyochagua Vifaa vya Kompyuta Tulivu ya Kurushia Ndege

Haya wadau, karibuni tena. Kabla sijasema chochote, vaa hedifoni. Ukiniangalia kwa spika ya simu nusu ya video ya leo itakupita, maana leo tunasikiliza zaidi ya kutazama. Umevaa? Sikiliza.

Umeisikia hiyo? Wuuu, inapanda. Kimya. Wuuuu, inapanda tena. Kimya. Hiyo ni kompyuta yangu ya zamani, ile ninayorushia ndege za kuigiza kwenye skrini, na wala sikuwa hewani. Nilikuwa nimefungua ramani tu nachagua uwanja wa kuondokea.

Najua nyie wa Boeing na Airbus mtaniambia kelele gani hizo, injini mbili zinanguruma nani atasikia feni. Sawa. Mimi mwenzenu tatizo lilinianzia kwenye glaida. Mnakumbuka Novemba 2022, Flight Simulator ya Microsoft ilipotoa toleo la miaka 40 wakaweka helikopta na glaida? Niliingia kuonja, nikanasa mpaka leo. Ile ndege haina injini. Unachosikia ni upepo unaopita kwenye kioo, na kile kifaa kinachoitwa variometa. Mlio wake ukipanda, ujue hewa inakubeba. Ukizama, unaanguka. Rubani wa glaida anarusha kwa masikio.

Sasa siku hiyo niko futi 3,000 nasaka hewa ya moto, nasikia wuuuu inapanda. Nikalaza bawa haraka, nikaanza kuzunguka palepale. Nazunguka, nazunguka, futi zinaisha. Ilikuwa feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta! Nimezunguka kwenye hewa iliyokufa mpaka nikatua kwenye shamba la mtu.

Ndiyo maana nilipojenga mpya nilikuwa na sharti moja tu: isibadilishe sauti. Ikitaka kunguruma kidogo ingurume, ila ingurume hivyohivyo tangu naondoka mpaka natua.

Prosesa ni Ryzen 7 9800X3D. Habari zake mnazijua, koa nane, yaani vitengo vinane vya kufanya hesabu, na kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo ndani yake, megabaiti 96, siwapotezei muda. Simuleta, hii michezo ya kuigiza urubani, kazi yao kubwa bado inapitia kwenye koa moja, hiyo koa ikikwama zingine zinakaa zinaitazama, na kashe kubwa ndiyo inayoipunguzia kungoja. Kinachonihusu mimi leo ni joto. Kwenye kaka zake, 5800X3D ya 2022 na 7800X3D ya 2023, ile kashe ya ziada waliilaza juu ya koa. Ni kama umelala umefunikwa blanketi halafu unaambiwa upoe. Kwenye hii ya Novemba 2024 wakaihamishia chini, koa zikabaki juu karibu na kipoza. Lakini usikimbie kuuza uliyonayo! Mwenye 7800X3D abaki nayo, tena inakula umeme kidogo kuliko yangu. Nimeshasema, msije mkaninukuu vibaya kwenye maoni.

Kipoza ni Noctua NH-D15. Muundo wa 2014, feni mbili kubwa, ile rangi ya kahawia ambayo kila mtu anaitukana halafu anainunua. Kitu kimoja tu, pima kasha lako kwanza. Hiki kinasimama milimita 165, na kuna makasha ambayo mlango hautafunga.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya niwashe kamera. Hapa nimefungua ubavu wa kasha, maiki ipo sentimita 30 hivi. Feni naiweka mizunguko 1,500 kwa dakika. Sikiliza.

Nashusha, 1,000.

Nashusha tena, 750. Bado unaisikia? Unaisikia kwa sababu maiki imeingizwa pua ndani. Mimi nilipokaa siisikii.

Ukipunguza kasi ya feni nusu, hewa nayo inapungua nusu. Kelele lakini inashuka takriban desibeli 15, na sikio la binadamu likipunguziwa desibeli 10 tu linaona sauti imekatwa nusu. Halafu ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na hiyo, unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za polepole zinapitisha hewa ileile ya feni moja ya haraka, na unabaki umepunguza kama desibeli 12. Ukiniuliza kwa nini kasha langu lina feni nyingi wakati nataka utulivu, jibu ni hilo. Kubwa, nyingi, za uvivu.

Subiri, hiyo bado siyo yenyewe. Yenyewe ni hii. Jaribio la kwanza: feni naifunga kwenye 1,000, haisogei. Sikiliza sekunde kumi.

Jaribio la pili: naiachia icheze kati ya 700 na 1,200, kama inavyokuja kwenye mipangilio ya kiwandani. Sekunde kumi.

Ipi imekukera? Eeh. Ya pili! Na muda mwingi hiyo ya pili iko chini ya 1,000. Ukipima kwa mashine unaweza kukuta wastani wake ni mdogo. Lakini ubongo umeshazoea sauti inayotulia, unaifuta, unaendelea na shughuli zako. Ile inayopanda na kushuka inakugusa bega kila mara.

Na kwa nini inacheza? Angalia hapa kwenye skrini, joto la prosesa. Nafungua programu moja tu. Umeona? Nyuzi 48, paap, 66, imerudi 51. Chini ya sekunde tatu. Kile kipande cha silikoni ni kidogo mno, hakina pa kuweka joto, kwa hiyo namba inaruka. Sasa gusa kipoza. Mimi nakigusa hapa. Baridi! Hiki ni kama kilo moja ya alumini na shaba, hakijajua hata kama kuna kitu kimetokea. Halafu feni inakimbia mbio kupoza chuma ambacho hakijapata moto. Hasira zangu zote za mwaka mzima zimelala hapo.

Dawa yake ni bure. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kompyuta inapowaka tu, tafuta mpangilio wa feni, kuna sehemu ya kuchelewesha, ya kupanda na ya kushuka. Kila kampuni ya ubao, ule ubao mkuu vinapochomekwa vifaa vyote, inaipa jina lake. Ipe muda mrefu kabisa unaoruhusiwa. Kisha chora mstari wako wa kasi ya feni kufuata joto: mimi nimeulaza bapa kwenye 750 mpaka nyuzi 70, kutoka hapo unapanda taratibu mpaka 1,000 kwenye nyuzi 85. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "85 si itaungua?" Haiungui. Hii prosesa kikomo chake ni nyuzi 95, na kwenye simuleta ni nadra yangu kufika 75. Acha kuogopa namba, ogopa feni.

Halafu jambo jingine dogo ambalo lilinitesa siku mbili. Feni mbili zikizunguka karibu sawa lakini si sawa kabisa, tuseme 800 na 810, zinaanza kupigana: wow, wow, wow, wow. Unafikiri feni mbovu. Siyo mbovu. Itenganishe moja, ipeleke 730, mlio ule unapotea.

Kasha. Hapa nilipigwa. Kasha langu la kwanza lilikuwa lile linalouzwa kwa jina la utulivu, mbele pamefungwa bamba zito, ndani wamebandika sponji. Ukiliangalia unasema hili ndilo. Kumbe hewa haiingii! Joto linapanda, feni zinakimbia, na sponji lile halizuii mlio wa feni inayokimbia. Jina la kampuni nalihifadhi. Sasa ninalo lenye wavu mbele, feni tatu mbele, moja nyuma, zote za uvivu. Lina matundu kila mahali na ndilo tulivu kuliko lile.

Kadi ya picha ndiyo jiko lenyewe. Prosesa inasingiziwa, moto uko huku. Nimeona mtu anaulizia RTX 5090 kwa ajili ya chumba cha kulala. Ile inaruhusiwa kula wati 575, ndugu yangu. Wati 575 hazipotei, zinageuka joto, na joto hilo linalala na wewe. Mimi ninayo 5070 Ti, gigabaiti 16, kikomo chake wati 300, na nimeibana mpaka asilimia 75. Tofauti ya picha sijaiona. Tafuta toleo lenye kipoza kinene cha feni tatu, ambalo feni zinasimama kabisa kadi ikiwa haina kazi.

Na funga fremu, yaani weka kikomo cha picha ambazo kadi inachora kila sekunde! Hii si mchezo wa kupigana risasi. Ndege inaelea, fremu 30 zilizotulia zinatosha kwenye skrini ya hezi 60, na kwenye hezi 120 weka 40, zinagawanyika sawasawa. Kadi inapumua. Ukiiachia bila kikomo, kwenye menyu tu inaweza kusukuma fremu mamia kwa sekunde, na hapo ndipo koili zake zinaanza kulia, tziiii. Mlio ule hauna feni ya kupunguza. Ukipata kadi inayolia hata ukiifunga fremu, irudishe mapema.

Kuhusu kupoza kwa maji. Wanaonifuatilia muda mrefu wanajua nimeshayasema vibaya maji kwenye video tatu. Pampu hailali, ina mlio wake, viputo vya hewa vikiingia inagugumia. Bado nasimamia hapo. Ila... nilipokuwa naandaa video hii nikagundua nimejipinga mwenyewe. Maji yanapata joto polepole sana. Ukiweza kuziambia feni zifuate joto la maji badala ya joto la prosesa, hazitaruka kabisa. Ni dawa ileile niliyowapa dakika tano zilizopita, nao wameipata bila kuchora mstari wowote. Kwa hiyo, watu wa maji, leo nawapa pointi moja. Moja tu. Pampu bado inalia.

Memori, gigabaiti 32 zinaendesha. Microsoft wenyewe kwa toleo la 2024 wanataja 64 kama kiwango bora, lakini kwa bei za memori zilivyoruka tangu mwishoni mwa 2025, nunua 32 nzuri, pesa inayobaki ipeleke kwenye prosesa. Memori haipigi kelele, haina ubaya na mimi. Diski iwe SSD tupu, ile diski ya kuzunguka usiiingize humo ndani hata kwa picha za harusi. Pawa saplai chukua yenye wati zaidi ya unazohitaji, mimi 850, kwa sababu nyingi za hivyo zikiwa na mzigo mdogo feni haiwaki. Ubao usiwe na kafeni kale kadogo, kama zile bao nyingi zenye chipu ya X570 za 2019. Kafeni kadogo ndiko kenye sauti ya mbu.

Watu wa X-Plane, ile simuleta nyingine, nawaona mnanyoosha mikono. Ndiyo, X-Plane 12 inakwenda kwenye Mac na kwenye Linux, na kuna Mac ambazo kwa utulivu zinaiaibisha hii yangu niliyohangaika nayo wiki mbili. Nakubali. Na namna inavyokokotoa bawa kipande kwa kipande naipenda. Lakini ukitaka ardhi nzuri inabidi uishushe na kuijaza kwenye diski, wakati huku kwenye Flight Simulator 2024 ardhi inatiririka kutoka kwenye intaneti. Na intaneti ikikatika? Haya, hiyo nayo ni video yake, tusigombane leo.

Tangazo fupi. Jumamosi hakuna uchambuzi, tunaruka laivu, glaida tupu, wenye injini watazame tu. Na mliouliza kuhusu usukani ule wa mezani, bado naupima, springi yake inalia ngwee kila nikivuta, na mnajua nilivyo na mambo ya kulia. Kama hujajisajili bonyeza hapo chini, kengele pia. Hii ni kengele pekee ninayoiruhusu.

Swali moja nalijibu kabla sijafunga, mtu ameuliza anunue nini kwanza kama pesa ni kidogo. Usinunue kitu. Ingia BIOS leo usiku, rekebisha zile feni mbili ulizonazo, kisha funga fremu 30. Kama bado unakereka baada ya wiki, badilisha kipoza.

Sasa mfuniko naufunga, maiki naiacha mezani, tunakwenda hewani. Kamba ya kuvutia nimeiachia, futi 2,600. Nyamazeni kidogo. Huo ni upepo. Kompyuta iko hapa miguuni, imewashwa, mnaiona taa. Mnasikia? Subiri, subiri... umeusikia huo mlio unaopanda? Hiyo siyo feni. Hiyo ni variometa, tunabebwa! Nazunguka hapahapa. Jumamosi, wadau.