Maksi za wachambuzi wa gemu siziangalii tena, napitia kibanda cha Kirumba, Mwanza, kwanza
Wadau, Desemba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077 ilipigiwa maksi za juu kabla haijatoka, kumbe wachambuzi walipewa ya kompyuta tu, wenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, wakakuta inaganda na kujizima hadi Sony wakaitoa kwenye duka lao la mtandaoni. Mi maksi siangalii tena ila maelezo nasoma, yananisaidia sana kujua gemu likoje. Halafu kabla sijatoa hela napitia kibanda cha gemu Kirumba, jamaa anakuwekea diski unajaribu dakika kumi bure kwenye PS4 kama yangu, juzi feni yake ikaanza kunguruma kama injini ya boti ya dagaa, gemu lenyewe nikaliacha palepale. Pedi zake zimechoka, analogi ya kushoto (kile kijiti cha kusogezea) inajivuta yenyewe, abadilishe jamani. Ila huduma safi, nendeni.