Baiskeli ya Roma au treni ya Bengal?
Ukiwa na jioni moja tu mbele ya runinga hapa Dodoma, uchague filamu ya Kiitalia Bicycle Thieves (1948) ya mwongozaji Vittorio De Sica, au ya Kihindi Pather Panchali (1955) ya mwongozaji Satyajit Ray, inayotoka Bengal?

Ya kwanza ni fupi, dakika kama 90. Huko Roma, baba anaibiwa baiskeli, na bila baiskeli hana kazi. Na kabla ya wizi huo, mkewe alikuwa ameweka rehani mashuka ya kitanda ili baiskeli hiyo, iliyokuwa rehani nayo, ikombolewe. Inauma.

Lakini mimi nakupa ya Ray. Apu na dada yake Durga wanakatiza nyasi ndefu nyeupe, wanasikiliza nguzo ya nyaya ikivuma, kisha treni inapita na moshi wake mweusi. Sisi tuliokulia kando ya Reli ya Kati, tukiacha mbuzi kila tusikiapo honi, tunazijua mbio zile.