Kadi za faharasa kwa mtunzi wa tamthilia: pakiti moja inatosha, ukijua pa kuitumia

Kadi za faharasa, zile karatasi ngumu ndogo zinazouzwa kwa pakiti ya mia, husifiwa kana kwamba ni dawa ya kila mtunzi aliyekwama. Sifa hiyo imepita kiasi. Kadi haimpi mtu wazo. Inachokifanya, tena vizuri kuliko vifaa vingi vya gharama kubwa, ni kuonyesha mahali ambapo onyesho halina kinachogombewa. Na hapo ndipo asubuhi nyingi za mtunzi hupotelea: ukurasa mtupu, wahusika wawili chumbani, na hakuna anayemtaka mwenzake kitu.

Kwanza kadi yenyewe. Ukubwa uliozoeleka ni inchi 3 kwa 5, yaani milimita 76 kwa 127. Ipo ya inchi 4 kwa 6, na kwa wanaotumia vipimo vya A kuna A7 (milimita 74 kwa 105) na A6 (105 kwa 148). Kwa tamthilia chukua 3 kwa 5. Kadi kubwa inakushawishi uandike aya nzima, na ukishafika kwenye aya unakuwa unasimulia hadithi, hulipimi onyesho. A7 nayo hubana pindi wahusika wakizidi wanne. Jambo ambalo wanunuzi hawalitazami ni uzito wa karatasi. Chini ya gramu 150 kwa mita ya mraba, pembe hujikunja mapema na kadi hulegea mkononi. Kuanzia gramu 180 unaweza kuzichanganya kama karata. Zenye uso unaong'aa ziache dukani: penseli haishiki, na wino wa jeli hukawia kukauka na kuchafua kadi ya juu yake. Zenye mistari upande mmoja na upande mwingine mtupu ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu pande hizo mbili zina kazi tofauti.

Kadi moja ichukue kipande kimoja cha tamthilia, na kipimo kizuri cha kipande ni kile cha tamthilia za Kifaransa za karne ya 17, za akina Molière na Racine: mhusika akiingia au akitoka jukwaani, kipande kipya kimeanza. Kwa hesabu hiyo tamthilia ya tendo moja hula kadi 12 hadi 20, na ya saa mbili kati ya 40 na 60. Zikizidi sana hapo, huenda wahusika wako wanaingia na kutoka kwa sababu mtunzi hajui awafanyie nini.

Upande wenye mistari huandikwa hivi. Pembe ya juu kushoto weka namba ya kipande, kwa penseli, maana itabadilika. Pembe ya kulia weka mahali na wakati. Mstari unaofuata uwe wa majina ya wote walio jukwaani, pamoja na yule asiyesema neno. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika, na siku ya mazoezi mwongozaji huuliza mgonjwa aliyelala kitandani amesikia au hakusikia, na hakuna mwenye jibu. Katikati andika sentensi moja: nani anataka nini, kwa nani, na kizuizi ni kipi. Mstari wa chini kabisa useme kipande kinapoisha nani amepata na nani amekosa. Sentensi ya pili katikati ni marufuku.

Kadi mbovu husomeka hivi: "Salma na Juma wanazungumza kuhusu nyumba ya baba." Kadi nzuri husomeka hivi: "Salma anataka Juma asaini karatasi za kuuza nyumba, Juma hasaini mpaka aambiwe fedha za mazishi zilikwenda wapi." Wahusika ni walewale, nyumba ni ileile. Tofauti ni kwamba kwa kadi ya kwanza mtunzi anaweza kukaa tangu alfajiri hadi adhuhuri akiandika salamu, kumbukumbu za utotoni na maelekezo ya mtu kumimina chai, kisha akasema msukumo umemkimbia. Kwa kadi ya pili majibizano yana pa kuanzia: karatasi ziko mezani, kalamu iko mkononi mwa mmoja, swali liko mdomoni mwa mwingine. Hata mstari wa chini unajiandika. Juma amesaini bila kupata jibu, au Salma ameondoka na karatasi zisizo na saini lakini siri yake imebaki salama.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, soma kitenzi cha kadi ya siku hiyo. Ukikuta "wanazungumza", "wanajadili", "wanakumbuka" au "wanatambua", usiandike majibizano bado. Andika kadi upya mpaka kitenzi kiwe cha mtu anayeomba, anayeficha, anayetishia, anayechelewesha, anayenunua ukimya. Kazi hii huchukua dakika kumi hivi, na huokoa siku nzima.

Upande mtupu ni wa vitu viwili tu. Cha kwanza ni vifaa vinavyoingia na kutoka: ufunguo, bahasha, simu, kisu. Cha pili ni kauli zinazokujia kabla ya wakati wake. Unapofunga kazi ya siku, toa kadi ya kesho na uandike nyuma yake kauli ya kwanza ya kipande hicho, hata kama ni mbaya. Kuirekebisha kauli mbaya ni rahisi kuliko kuanza bila kauli, na mtunzi anayeanza siku kwa kusahihisha huwa ameshaanza kuandika bila kujilazimisha.

Vipi kuhusu kutafuta wazo la tamthilia mpya? Hapa kadi ni za wastani. Njia ya kawaida ni kuwa na rundo la pembeni: kila kadi kauli moja uliyoisikia, au mahali pamoja, au kitu kimoja. Ukikwama unachomoa mbili bila kuchagua na kujiuliza nani angeisema kauli hii mahali hapa, na kwa nini asingeweza kuisemea kwingine. Inafanya kazi, hasa kauli ikiwa fupi na mahali pakiwa hapaifai. Tatizo ni rundo lenyewe. Likifika kadi mia tatu halisomwi tena, na mtunzi hugeuka mkusanyaji. Weka ukomo wa kadi mia moja. Ikiingia mpya, moja ya zamani itoke. Na kauli ya mtu uliyemsikia ibadilishwe jina, mahali na lolote la kumtambulisha kabla haijaingia kwenye tamthilia.

Matumizi bora ya kadi, kwa maoni yangu, huja rasimu ya kwanza ikishakamilika. Katika majumba ya maonyesho ya London mwishoni mwa karne ya 16 kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao mgumu wenye tundu la kutundikia, iliyoorodhesha nani anaingia jukwaani katika kila kipande. Ilitengenezwa kutoka kwenye tamthilia iliyokwisha andikwa, kwa ajili ya watu wanaoiendesha. Fanya vivyo hivyo. Chapa rasimu, ipitie na kadi tupu mkononi, na kwa kila anayeingia au kutoka jaza kadi kwa kilichomo kwenye ukurasa, si kwa ulichokusudia. Kisha zitandaze mezani au sakafuni kwa safu, kila tendo safu yake.

Sasa makosa yanaonekana kwa macho. Mhusika muhimu hayupo kwenye kadi kumi na tano mfululizo, halafu anarudi kutatua kila kitu. Bastola imeandikwa nyuma ya kadi ya 4 na haitajwi tena. Kadi ya 17 na ya 18 zina majina yaleyale na ugomvi uleule, kwa hiyo moja ife au ziunganishwe. Kadi tano zinafuatana na mstari wa chini unasema mtu yuleyule amekosa, na hapo ndipo watazamaji wataanza kujigeuza vitini. Ikiwa mwigizaji mmoja atabeba wahusika wawili, angalia kama kuna kipande kati ya kutoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine. Kubadili maleba peke yako, bila mtu wa kukusaidia vifungo na viatu, huhitaji dakika moja au mbili, na kadi zinazopakana hazina dakika hizo. Mambo haya yote yamo ndani ya mswada, lakini kwenye kurasa themanini hayaonekani, kwa sababu unasoma ukurasa mmoja kwa wakati.

Kasoro zake si chache. Kubwa ni kwamba kadi haina sauti. Haiwezi kukuambia kwamba wahusika wako wote wanaongea kama mtu mmoja, wala kwamba kichekesho kimekufa kwa neno moja la ziada. Kwa hilo hakuna mbadala wa kusoma kwa sauti, na ikiwezekana asome mtu mwingine huku mtunzi akinyamaza. Haionyeshi urefu pia. Kadi mbili zinafanana mezani, kumbe moja ni nusu ukurasa na nyingine kurasa nane. Dawa yake ni kusoma kipande kwa sauti ukiwa na saa, ukihesabu na vipindi vya kimya, kisha kuandika dakika kwenye pembe ya chini. Usitegemee ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Ni ya miswada ya filamu yenye mpangilio maalumu, na kwenye tamthilia ya jukwaani hudanganya, kwani upana wa pambizo na wingi wa kauli fupi hubadilisha hesabu.

Pia kadi huzipendelea tamthilia za kugombana. Uzungumzi nafsi mrefu, kwaya, ngoma, kimya cha makusudi: hivi havikai vizuri kwenye sentensi ya "anataka nini kwa nani". Mtunzi anayelazimisha kila kadi iwe na mshindi huishia na tamthilia inayogonga mdundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Acha kadi chache ziwe na neno moja tu, "kimya" au "wimbo", na uziheshimu.

Rangi ni mtego mwingine. Pakiti za rangi tano huuzwa kwa wingi, na kila anayezinunua hupanga rangi kwa wahusika, kisha kwa maudhui, kisha kwa mahali, mpaka hakumbuki kijani ilikuwa nini. Rangi ibebe jambo moja. Nyeupe kwa kila kitu, na alama ya makapeni pembeni kwa mkondo mmoja unaoufuatilia, inatosha kabisa. Na dalili ya kwamba kadi zimegeuka njia ya kukwepa kazi ni hii: umenakili kadi ileile mara ya tatu, hati imependeza, na hakuna taarifa mpya hata moja.

Kadi kuanguka na kuchanganyika ni suala la wakati tu, kwa hiyo jiandae. Zipange, zibane rundo, kisha chora kwa makapeni mstari mmoja wa mshazari kwenye ubavu wake. Kadi ikiwa si mahali pake, mstari unavunjika na unaiona papo hapo. Hila hii ni ya waandaaji programu wa enzi ambazo kompyuta zililishwa programu kwa kadi zilizotobolewa, na haijazeeka. Ukibadili mpangilio, chora mstari mwingine kwa rangi nyingine. Zaidi ya hapo, piga picha kadi zilizotandazwa kila jioni, maana kadi iliyomwagikiwa chai haina nakala.

Ukilinganisha na vingine: programu ya kompyuta ya waandishi kama Scrivener ina ubao wake wa kadi, inatafuta neno kwa sekunde na inahifadhi nakala, lakini kioo cha kompyuta ndogo huonyesha kadi chache tu kwa herufi zinazosomeka, na faida yote ya kadi ni kuona arobaini kwa mpigo. Karatasi za kunata ni nzuri kwa kikao cha siku moja na mwongozaji ukutani. Baada ya hapo gundi huchoka, vumbi hushika, na asubuhi unakuta baadhi yake ziko chini. Daftari ni bora kuliko kadi kwa mawazo yasiyo na umbo bado, ila mpangilio wake hauhamishiki.

Nazipa alama 4 kati ya 5 kwa marekebisho ya rasimu, 3 kwa kazi ya kila siku, na 2 kwa kutafuta wazo jipya. Mtunzi anayeandika kwa kuwasikiliza wahusika wake bila kujua wanaelekea wapi asiziguse mpaka rasimu iishe, zitamkausha mapema. Nunua pakiti moja nyeupe ya kadi mia, gramu 180 au zaidi, pamoja na penseli laini na makapeni moja. Sanduku la plastiki lenye vigawanyio si lazima, boksi lolote la viatu vya mtoto linatosha. Ila usizifunge kwa rababendi: hukunja kingo za kadi za juu na za chini, na ikikaa muda mrefu hunata na kuchana karatasi.