Transmita, waya, Bluetooth au flashi: nilivyosikiliza taarab kati ya Dar na Tanga

Gari langu ni IST ya 2005, na lilipotoka bandarini lilikuja na redio yake ya Kijapani, yenye ramani ya barabara za huko kwao na sauti ya dada anayekusalimia kila ukiwasha. Nilimpenda yule dada. Siku betri ilipokufa na fundi akaichomoa kuweka nyingine, redio ikagoma. Skrini ikawa inadai diski ya ramani, kwa Kijapani, na diski yenyewe ilishabaki Japani na mwenye gari wa kwanza. Hapo ndipo safari yangu ya kuhangaika na sauti ilipoanza rasmi, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeshahangaika miaka miwili kabla.

Kila mwezi ninakwenda Tanga kumwona mama, kilomita zaidi ya mia tatu kwenda, na zingine kama hizo kurudi. Bila muziki siwezi. Na muziki wenyewe ni taarab, ambayo haina huruma na redio mbovu: ala ya kanuni ina nyuzi nyingi zinazolia juu kabisa, fidla ziko kundi zima, na katikati kuna mwimbaji ambaye usipomsikia kila herufi umekosa fumbo lote.

Miaka ile miwili nilikuwa na njia mbili tu, CD na transmita. Hii ya pili ni kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara: simu inaongea nacho kwa Bluetooth, chenyewe kinarusha wimbo kwa mawimbi ya FM, na redio ya gari inakidaka kama inavyodaka kituo chochote. Nilikinunua shilingi 25,000 nikajiona nimewini.

Kumbe kuna jambo sikuambiwa dukani. FM ya Japani huanza megahetzi 76, na redio nyingi za magari haya huishia 90. Huku kwetu vituo viko kati ya 87.5 na 108, na transmita nazo hurusha humo humo. Kwa hiyo sehemu ambayo redio yangu na kidude changu wangeweza kukutana ilikuwa 87.5 hadi 90 tu, kachumba kadogo, na Dar kachumba hako kamejaa vituo vyenye mitambo mikubwa. Kidude cha elfu ishirini na tano kitashindana vipi na mnara? Ukipata mwanya Mbezi, ukifika Kibaha kuna mtu amekalia. Siku moja kanuni iko inapanda, inapanda, mimi nimeshaanza kutikisa kichwa, mara akaingia mtangazaji anasoma matokeo ya ligi. Timu yangu ilikuwa imefungwa pia.

Wapo wanaofunga kile kifaa cha kuongeza bendi kwenye waya wa antena ili redio ya Kijapani ishike vituo vya juu. Kinasaidia kusikiliza redio, sikatai. Ubora wa transmita hakiongezi.

Na hata mawimbi yanapokuwa safi, tuseme ukishapita Msata ambako hewa ni nyeupe, sauti ya transmita ni kama mtu anaimba amejifunika shuka. FM ya stirio inakata sauti zote zinazozidi hetzi 15,000, wakati CD inafika karibu 20,000. Lakini nadhani hicho si kikubwa sana, masikio yangu ya miaka arobaini na kitu hayafiki huko juu hata yakibembelezwa. Kinachoua ni kwamba wimbo umebanwa mara moja kwenda kwenye kidude kwa Bluetooth, kisha umerushwa na kisambazaji dhaifu, na nyuma yake kuna mkwaruzo usioisha, kama mvua ya mbali. Ukiongeza sauti ya simu hadi mwisho ndiyo unaharibu zaidi, maneno yenye "s" na "sh" yanapasuka. Mimi nilikuwa naacha simu kwenye robo tatu, kisha naongezea kwenye redio. Hapo ilivumilika.

Kitu kilichonishangaza ni taarab ya zamani ya Tanga, ile ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, yenye gita la besi na sauti kavu. Hiyo kwenye transmita haikupoteza karibu chochote. Zile rekodi zenyewe hazikuwa na sauti nyingi za juu tangu zilipotengenezwa, kwa hiyo hakuna cha kukatwa. Mama akipanda gari anaomba hizo, na yeye hakuwahi kuona tatizo langu liko wapi. Aliniambia nimezidi kudeka.

CD ilikuwa habari nyingine kabisa. Ile redio ya Kijapani pamoja na udada wake ilikuwa imetengenezwa na watu makini. Nilikuwa na CD za Culture Musical Club ya Unguja, na nikiziweka usiku barabara imetulia nilikuwa nasikia kidole kinavyoachia uzi. Kasoro ilikuwa matuta: ukiyapiga vibaya, wimbo unaruka. Halafu vumbi na joto la ndani ya gari vinazila zile diski taratibu. Lakini kipimo changu cha sauti nzuri ya gari mpaka leo ni zile CD kwenye ile redio, na kila nilichojaribu baadaye nimekilinganisha na kumbukumbu hiyo. Najua kumbukumbu inaongeza chumvi.

Baada ya redio kugoma nikaenda Kariakoo. Nikarudi na redio ya kichina yenye skrini, Bluetooth, matundu mawili ya USB na tundu la AUX la kuchomeka waya wa sauti, shilingi 220,000 pamoja na kufunga. Mdomo wa CD haina. FM inashika yote, na hilo peke yake lilinifurahisha wiki nzima.

Furaha ya muziki ilichelewa. Niliwasha, nikaweka wimbo ninaoujua kama sala, nikasikia kitu cha ajabu: besi hakuna, na mwimbaji hayuko mbele yangu, yuko kama amesambaa kwenye vioo. Nikafikiri ndiyo ubovu wa redio ya bei rahisi. Nikachezea ikwalaiza mpaka nikachoka, besi nimeiweka mwisho, bado nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mdogo wangu, ambaye kanisani kwao ndiye anayekaa kwenye mitambo, alipanda siku moja akasikiliza dakika mbili, akasema, "Dada, hebu peleka sauti yote kushoto." Nikapeleka. Besi ikarudi! Akasema nipeleke kulia. Ipo. Nikarudisha katikati, imetoweka.

Fundi aliyefunga alikuwa amekata soketi ya waya za spika na kuunga kwa mkono, na mlango wa kulia chanya na hasi amezigeuza. Spika moja ikisukuma hewa mbele, mwenzake anaivuta nyuma, na besi zinauana humo ndani ya gari. Nilirudi kwake, akaniambia hizo spika ni za zamani, ninunue mpya. Mdogo wangu akageuza waya mbili mwenyewe, kwa bisibisi na gundi ya utepe, nusu saa hivi. Kama umefunga redio mpya na besi imekimbia, fanya hiyo ya kushoto na kulia kabla hujatoa hela ya sabufa.

Basi sasa ndiyo nikaweza kulinganisha kwa haki: redio ile ile, spika zile zile, nyimbo zile zile.

Nilianza na waya wa AUX kwa sababu kila mtu aliniambia waya haudanganyi. Simu yangu haina tundu la hedifoni, ikabidi ninunue adapta ya Type-C, ambayo ndani yake ndimo sauti inakogeuzwa, kwa hiyo ukinunua ya elfu tatu unapata sauti ya elfu tatu. Yangu ya pili ilikuwa nzuri. Sauti safi, ina nafasi, mwimbaji katikati. Kisha nikachomeka chaja ya simu na kuwasha injini, na mbu akaingia ndani ya gari. Ni mlio mwembamba, "nziiii", ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Ukichomoa chaja, kimya. Ni umeme wa altaneta unaopata njia mbili za kurudi, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti, na tofauti kati ya njia hizo ndiyo unayoisikia. Kuna kidude chenye transfoma ndogo ndani kinachowekwa katikati ya waya wa AUX kukata huo mvumo. Nilikiazima. Mbu alikufa, ila na besi ilipungua kidogo, nikakirudisha. Safari ya saa sita huwezi kwenda bila kuchaji simu, kwa hiyo AUX kwangu ilikufa hapo, pamoja na uzuri wake.

Zikabaki Bluetooth na flashi, na hapa niliwahi kujidanganya. Wiki ya kwanza ningeapa flashi inaizidi Bluetooth mbali sana, sauti imejaa, imechangamka. Mdogo wangu akatoa simu yake yenye programu ya kupima desibeli: flashi ilikuwa inapiga kwa nguvu zaidi, basi. Sikio likipewa sauti kubwa linaona ni nzuri. Nikapandisha simu hadi mwisho, tukashusha flashi mpaka namba zikalingana, na ule ubora wote niliouapia ukapungua zaidi ya nusu.

Tukaenda kufanya jaribio lenyewe Muheza, tulipositisha safari kununua machungwa. Injini imezimwa, vioo vimefungwa, jasho linatiririka, mimi nimefumba macho na yeye anabadilisha. Wimbo ulitoka kwenye CD yangu mwenyewe, niliouingiza kwenye kompyuta kwa namna tatu: FLAC isiyopoteza kitu, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde na MP3 ya 128, ambayo imebanwa zaidi.

Flashi yenye FLAC dhidi ya flashi yenye MP3 ya 320: nilipatia mara 5 katika 10. Yaani ningerusha sarafu ingekuwa sawa. Bluetooth dhidi ya flashi nilipatia 8. Kilichonisaidia si mwimbaji wala besi, ni makofi ya watazamaji mwisho wa wimbo, ambayo kwenye Bluetooth yanakuwa kama mafuta yanakaangiza, na ule mkia wa kanuni unapofifia unakatika mapema kidogo. Redio yangu inajua SBC tu, lugha ya msingi ambayo kila kifaa cha Bluetooth cha muziki lazima kiijue. Hata simu iwe ya gharama na inajua nyingine bora, wakikutana wataongea ile wanayoielewa wote wawili.

Tukarudia barabarani, mwendo wa 80, mdogo wangu usukani na mimi nabahatisha. Nikapata 5. Matairi na upepo vilimeza makofi yote.

Ile ya kilobiti 128 niliikamata mara 9, hata gari likiwa linatembea, na wimbo niliotumiwa kwenye WhatsApp nikaukamata mara zote kumi. Huo wa WhatsApp ulikuwa unajiita 320, lakini ni supu iliyoongezwa maji: mtu ameutoa kwenye video, ukawa mdogo, akauvimbisha namba. Fidla zote zilikuwa zimeshikana kama wali uliozidi maji. Mimi niliponunua redio na flashi, nilikuwa nimejaza humo nyimbo mia nne za namna hiyo, nalaumu Bluetooth.

Kwa wanaosikiliza mtandaoni, angalieni mpangilio wa ubora ndani ya programu. Yangu ilikuwa imeachwa ijichagulie yenyewe, na kati ya Mkata na Segera intaneti ikilegea, nayo inashuka daraja bila kukwambia. Sasa napakua nyumbani kwa ubora wa juu. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 320 ni kama MB 10, bando la safari nzima linabaki salama.

Ninayotumia siku nyingi ni Bluetooth, kwa uvivu tu. Ila ina aibu zake. Kikao cha harusi ya binamu yangu kinaendeshwa WhatsApp, na siku moja nilibonyeza ujumbe wa sauti nikasahau simu imeungana na gari. Shemeji yangu mwenye ahadi ya laki mbili ambayo hajaitoa alikuwa kiti cha nyuma. Tulisikia wote, kwa spika nne, maoni ya mwenyekiti juu yake. Tangu siku hiyo nikibeba watu natumia flashi.

Transmita nilimpa huyo huyo shemeji, ana Probox yenye redio ya zamani, anasema iko poa kabisa. Kwangu kilichobaki ni mlango wa kushoto: gita la besi likishuka kwenye noti moja fulani, plastiki ya ndani inatetema, "drrr". Nimeshabandika sponji sehemu tatu na bado sijaipata.