Gemu za kujenga bustani za michezo: nunua ile ambayo njia ya juu inafika mlangoni

Malalamiko mnayoniandikia kuhusu gemu hizi yanafanana: jengo limeinuliwa juu ya nguzo, linapendeza, lakini hakuna mgeni anayepanda. Njia imeishia kidogo chini ya mlango wa kibanda, au imepita juu yake. Habari za picha na sauti wauzaji watawaeleza. Mimi naangalia hilo moja tu, maana sisi wa Bukavu tumekulia kwenye miteremko, mlango wa huyu unalingana na bati la yule. Mtu wa hapa akipewa bustani ajenge, hataki uwanja bapa. Anataka orofa, madaraja na ngazi.

Ya kwanza kwangu ni Parkitect, na sifichi kwamba naipendelea. Imetengenezwa na kikundi kidogo, Texel Raptor, ikakamilika 2018. Kila kitu kinakaa kwenye miraba na kimo kinapanda kwa vipimo, kwa hiyo njia na mlango vinakutana bila kubahatisha. Halafu humu njia ya juu ina kazi. Vibanda vinapokea bidhaa kutoka ghala, wafanyakazi wanazibeba, na wageni wakiwaona na maboksi yao hawafurahii. Kwa hiyo wageni unawapitisha juu ya daraja, wabebaji wanapita chini, na katikati unaweka ukuta. Ukiona foleni ya wageni juu na maboksi yakienda kimya chini yao, utaelewa kwa nini naitetea. Bei ya kawaida ni karibu dola 30. Ukiinunua GOG, duka la gemu la mtandaoni, unapewa faili la kusakinisha unaloweza kulihifadhi kwenye fleshi, na gemu inafunguka hata mega zikiisha.

Inayofuata ni RollerCoaster Tycoon 2 ya Chris Sawyer, ya 2002. Mashini ya zamani inaibeba bila shida. Chagua kibanda, shikilia Ctrl, peleka kishale juu ya njia uliyokwisha kuinua: kibanda kinachukua kimo kilekile. Ukitaka kukipandisha mwenyewe, shikilia Shift. Njia ya juu unaijenga mraba kwa mraba, ukichagua kupanda, kwenda sawa au kushuka. Ni polepole, ila haikudanganyi. Ukishakuwa na gemu yenyewe, ongeza OpenRCT2, programu ya bure ya kuichezea gemu hiyohiyo.

Planet Coaster ya Frontier, kampuni ya Cambridge, Uingereza, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na bado naiweka ya tatu. Ilitoka 2016. Unaweza kuhifadhi jengo lako lote kama mchoro na kulipeleka bustani nyingine, lakini njia haiendi nalo. Umejenga mgahawa wa orofa mbili na daraja linalouzunguka. Ukiuhamisha, daraja linabaki hewani pale pale, na kule unakokwenda unaanza upya kutafuta kimo cha mlango. Kwa mtu anayejenga juu kila siku, hiyo ni dosari kubwa, na sioni wanaoisifu wakiitaja. Inataka RAM ya GB 8 kwa uchache. Planet Coaster 2 ya 2024 imeongeza mabwawa ya kuogelea; ni karibu dola 50 na inataka mashini yenye nguvu zaidi.

Wa simu, chukueni RollerCoaster Tycoon Classic. Inatosha.

Sasa wauzaji. Hapa mjini unalipia gemu kwenye fleshi, unaambiwa ni kamili, unafika nyumbani unakuta ni toleo la zamani lisilofungua bustani zilizojengwa kwenye toleo jipya. Ukirudi, wanakwambia mashini yako ni mbovu. Wengine wanauza kadi za malipo wakiongeza dola zao juu bila kueleza za nini, na anayeumia ni mwanafunzi aliyejinyima wiki nzima. Hiyo si biashara, ni kunyonya watu. Ukinunua kwenye Steam, duka jingine la mtandaoni, unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Ukinunua dukani, mwambie muuzaji aifungue mbele yako, ainue kibanda, aunganishe njia, usubiri mgeni wa kwanza anunue kinywaji. Akikataa, ondoka na pesa zako.