Kabla hujanunua samadi ya mpunga, ingiza mkono kwenye lundo

Msimu uliopita nilinunua fuso nzima ya samadi ya kuku nikaimwaga kwenye majaruba yangu ya mpunga huku Mbarali, tukachavanga (tukavuruga udongo na maji), tukapanda mbegu ya SARO 5, wiki ya tatu mpunga wote njano. Kumbe nusu ya mzigo ni maranda ya mbao yanayotandikwa bandani, tena mabichi, na maranda yakianza kuoza yanakula naitrojeni, chakula cha mmea, iliyopo shambani, mpunga unabaki na njaa. Hiki kitu hakuna anayekiangalia, watu wanauliza bei na gari linafika lini basi.

Sasa kabla hujalipa ingiza mkono katikati ya lundo. Kuna joto? Haijaiva. Inawasha pua kama mkojo? Haijaiva. Maranda bado meupe? Ondoka. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi na inanukia udongo uliolowa.

Namba moja kwangu ni samadi ya ng'ombe iliyoiva, mbolea ya Minjingu ya kupandia, yurea ya kukuzia. Sifichi, Minjingu naipenda, inatoka hapa hapa nchini, Manyara, na ile aina yao ya Nafaka Plus ina zinki, na majaruba yanayokaa na maji muda wote mara nyingi yanapungukiwa zinki. Udongo wako ukiwa wa magadi hapo chukua mbolea ya DAP ya kupandia badala ya Minjingu. Yurea usiiache kabisa, maana mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 wakati samadi ya ng'ombe tani nzima ina kama kilo 5 mpaka 10 na inaachia taratibu. Mimi nimeshuka kutoka mifuko miwili kwa eka hadi mmoja na nusu, naigawa mara mbili, na ile nusu ndo faida yangu.

Namba mbili, samadi ya kuku wa mayai iliyoiva, ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Mbolea ya CAN ya kukuzia sishauri kwenye mpunga, sehemu ya naitrojeni yake inapotelea kwenye maji.

Huna hela? Usichome mabua, yarudishe shambani.

Ila wauzaji wa samadi wanatuumiza jamani. Yurea mfuko umeandikwa kilo na virutubisho, samadi unauziwa kwa tripu, chini mchanga juu kinyesi, hakuna anayepima, ukilalamika unaambiwa mbona wenzako wanachukua. Siku hizi napanda juu ya gari na fimbo ndefu nachoma mpaka chini kabla hawajashusha, dereva asipotaka anarudi na mzigo wake.